Daraja la Filamu Linaamuliwa Mlangoni mwa Kibanda

Kwa mwenye kibanda cha video Katoro, kwa kijana wa Kahama anayejiandaa kupiga picha za filamu yake ya kwanza, na kwa mzazi wa Mwakitolyo ambaye mtoto wake haonekani nyumbani jioni, iko sheria moja inayowahusu wote watatu. Ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976. Wengi wanaoishi chini yake hawajawahi kuisikia ikitajwa, mpaka siku maofisa wanapofika na jenereta ikaamriwa izimwe. Makala haya yanaeleza sheria hiyo inataka nini, nani anaisimamia huku kwetu, na kwa nini naamini ni jambo zito zaidi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita kuliko mtu anavyoweza kudhani akiwa Dar es Salaam.

Shinyanga ina haki yake katika historia ya filamu ya nchi hii. Steven Kanumba alizaliwa huku mwaka 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi na baadaye Sekondari ya Mwadui, kabla ya kwenda Dar es Salaam na kuwa sura inayojulikana kuliko zote katika filamu za Kitanzania. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, filamu zilikuwa bado zinasafiri kwa DVD, kutoka Kariakoo hadi stendi ya Kahama. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Mapato ilianza kuweka stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, na mnunuzi akawa na kitu cha kukitazama ili kutofautisha nakala halali na iliyodurufiwa chumbani kwa mtu.

Hali hiyo imepita. Filamu sasa inatembea kwa flashi, kwa memori kadi, kwa bando na kwa king'amuzi. Hakuna kasha la kubandikwa stempu, wala jalada la kuandikwa umri wa mtazamaji. Ndiyo sababu kazi ambayo zamani ilifanywa na karatasi leo inamwangukia mtu aliyekaa mlangoni akipokea kiingilio.

Nani anakagua

Chombo kinachosimamia sheria hii ni Bodi ya Filamu Tanzania. Ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutoa kibali cha kutengeneza filamu, na hicho kinaombwa kabla kamera haijawashwa. Ya pili ni kuhakiki filamu iliyokamilika na kuipangia daraja kabla haijaonyeshwa kwa watu au kusambazwa. Aliyepata kibali cha kupiga picha hajapata ruhusa ya kuonyesha. Wapo vijana waliokwama hapo: pesa imeisha kwenye upigaji picha, filamu iko tayari, tangazo limeshawekwa, ndipo wanagundua kwamba bado kuna hatua nzima mbele yao.

Mamlaka ya Bodi ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kwa hiyo kazi ya kupigwa Unguja inaombewa huko. Kwa upande wetu, sheria haikuacha kila kitu Dar es Salaam. Iliweka kamati katika mikoa na wilaya, na mlango wa kuingilia kwa mwananchi wa kawaida ni ofisi ya Afisa Utamaduni katika halmashauri yake. Mtu wa Msalala au Nyang'hwale haanzi safari kwa kupanda basi la Dar es Salaam. Anaanzia pale.

Ukaguzi huu haukuanza na Uhuru, na historia yake inaeleza kwa nini wengi bado wanauonea shaka. Waingereza walikagua filamu katika makoloni yao, na kigezo kimojawapo kilikuwa rangi ya mtazamaji: waliogopa Mwafrika asimwone Mzungu akiwa mlevi, mwizi au mwenye kushindwa. Katika miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na utii wa kodi, zikazungushwa kwa lori. Waliouendesha waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuatilia hadithi iliyotengenezwa kwa ajili ya Mzungu. Ukaguzi wa namna ile ulistahili kufa. Ninaoutetea hapa una kigezo kingine kabisa, yaani umri wa mtazamaji na usalama wa watu wanaoonyeshwa.

Daraja ni nini

Wahakiki hawakai kuamua kama filamu ni nzuri. Filamu mbovu isiyomdhuru mtu hupita. Wanachotazama ni ngono, ukatili, matusi, dawa za kulevya, uchochezi wa chuki za dini au kabila, udhalilishaji wa mtu au kundi, na jinsi watoto wanavyotumiwa ndani ya hadithi. Baada ya hapo filamu huangukia katika mojawapo ya makundi yanayoeleweka hata bila alama: inayofaa kwa kila mtu, ambayo mtoto aitazame akiwa na mzazi au mlezi, yenye umri maalumu wa chini, ya watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, na iliyokataliwa kuonyeshwa. Mabango na matangazo ya filamu nayo yanahusika, kwa sababu mtoto aliyezuiwa kuingia ndani bado anaiona picha iliyobandikwa nje.

Kenya hutumia GE kwa filamu ya wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Ukiona alama hizo kwenye filamu ya Nairobi, ujue ni hukumu ya Bodi ya Kenya. Ya Tanzania ni nyingine na inatakiwa kivyake. Kenya pia imetuonyesha kwamba uamuzi wa bodi unaweza kupingwa. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Kwetu, asiyeridhika na uamuzi wa Bodi anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana. Omba sababu za kukataliwa kwa maandishi, kwa kuwa rufaa bila maandishi hugeuka kuwa malalamiko tu.

Wengine wanasema nchi zilizoendelea zimeachana na mambo haya. Si kweli. Uingereza ina bodi yake tangu 1912, na mpaka leo nguvu ya kisheria juu ya nini kionyeshwe kwenye ukumbi wa sinema iko kwa halmashauri ya eneo husika, ambayo inaweza kubadilisha hata daraja lililotolewa London. Marekani ilianza mfumo wake wa umri mwaka 1968, chini ya chama cha kampuni za filamu zenyewe. Njia zinatofautiana, lakini mtoto analindwa kote.

Bibi mwenye macho mekundu

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Katika Shinyanga na mikoa jirani, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho hayo yana maelezo yake. Eneo hili liliishiwa miti kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulirudisha ngitili, yaani maeneo ya miti na malisho yanayohifadhiwa, katika vijiji vingi. Kuni zilipokuwa adimu, akina mama walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya nyumba zisizopitisha hewa, mwaka baada ya mwaka. Moshi uliyaumiza macho yao. Mwanamke aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka 40 anabaki na macho mekundu, na macho hayo hayo yanafanywa ushahidi dhidi yake.

Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ikatikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Imani iliyokuwa nyuma yake ilihusishwa na utajiri wa haraka, katika uvuvi na katika machimbo, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi.

Sasa tazama filamu zetu. Ajuza anapakwa wekundu machoni, anawekewa ungo na fisi, anacheka usiku, na mwisho wa hadithi anapigwa na watazamaji wanashangilia. Sisemi kwamba filamu fulani imeua mtu. Nasema kwamba mtazamaji wa Masaki, Dar es Salaam, anaiona kama hadithi ya kutisha, na kijana wa miaka 12 huko Nyarugusu anaitazama huku akimfahamu bibi wa nyumba ya tatu mwenye macho kama yale. Daraja la umri linapowekwa kwenye filamu ya namna hii, watu wa huku tusilichukulie kuwa urasimu.

Kwa mtengenezaji, ushauri wangu ni wa vitendo. Uchawi kama jambo linaloaminiwa na watu unaweza kusimuliwa. Jamii ina haki ya kujitazama. Lakini usipige picha mbele ya nyumba halisi ya mzee anayesengenywa kijijini, usitumie jina lake wala jina linalofanana nalo, na usimpe mwigizaji mwenye ualbino nafasi ya kuwa dawa au mkosi. Kumbuka pia Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928 na ambayo bado inatumika: kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa, na kamera haikupi kinga. Na kama hadithi yako inamwonyesha bibi akishukiwa, kwa nini isionyeshe pia jiko lake na moshi wake?

Mwenye kibanda

Vibanda hivi vina thamani yao. Mahali palipoibuka rashi ya dhahabu, ambapo wachimbaji wametoka Mara, Kigoma na Tabora na kulala kwenye maturubai karibu na maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kibanda ndicho mahali pekee pa kupumzikia penye gharama nafuu kuliko pombe. Mchana wa Jumamosi kinaonyesha mpira, usiku filamu. Hakuna sababu ya kukifunga. Ipo sababu ya kukiendesha kwa utaratibu.

Unahitaji leseni ya biashara ya halmashauri, na pamoja nayo ruhusa ya kuonyesha filamu hadharani inayopitia kamati ya filamu ya wilaya. Hizi ni karatasi mbili tofauti. Ya kwanza haifuti ya pili. Kuna pia suala la hakimiliki chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 1999. Kununua king'amuzi au kupakua filamu kwa simu hakukupi haki ya kuwatoza watu kiingilio. Mwenye kazi ana mrabaha wake, na maelezo ya namna ya kuulipa yako Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kwa malipo yoyote ya Serikali, dai kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoanza na 99, ulipie benki au kwa simu. Asiyeweza kukupa namba hiyo usimpe pesa mkononi, hata akija na gari la Serikali.

Halafu kuna DJ anayetafsiri filamu za kigeni kwa kuziwekea sauti yake ya Kiswahili. Mtindo huu una mashujaa wake, kama marehemu Derek Mukandala, Lufufu, aliyevuma Dar es Salaam, na Uganda wanao wengi. Naupenda ufundi wao. Lakini tafsiri ni haki ya mwenye filamu, na kuiingizia sauti bila idhini yake ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Tena sauti hiyo inabadilisha daraja. Filamu ya Kihindi isiyo na neno baya inaweza kutoka mdomoni mwa DJ ikiwa imejaa matusi ya kitandani, na wahakiki hawakuyasikia. Sikiliza nakala nzima ya DJ wako kabla ya kuiweka mbele ya watu.

Mlango wenyewe hauhitaji gharama. Andika ratiba ubaoni na umri wa kila filamu, kwa maneno kamili: WATU WAZIMA TU, MIAKA 18. Filamu za wote ziwe mapema jioni, za wakubwa baada ya watoto kuwa wameondoka, na ukumbi utolewe watu wote kati ya moja na nyingine, maana watoto hujificha chini ya mabenchi. Saa za shule, usimpokee mwenye sare wala aliyevua sare. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama anaponda mawe na ana pesa yake mfukoni. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi machimboni, kwa sababu mvulana anayejitafutia hujiona mtu mzima.

Anaweza kuja hivi: “Shikamoo baba, nina kiingilio changu hiki.” Mjibu kwa upole na bila kuyumba: “Marahaba mwanangu. Hii ya sasa ni ya wakubwa. Njoo kesho saa kumi na moja, iko ya kwenu.” Mtoto aliyetajiwa saa yake hurudi. Aliyefukuzwa kwa makofi huchungulia kwenye tundu la bati.

Na picha za ngono zisionyeshwe kabisa, kwa umri wowote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia kwa mfumo wa kompyuta, na zinazohusu watoto zina adhabu kali. Anayekuuzia flashi iliyojaa “mchanganyiko” anakuuzia kesi.

Mtengenezaji wa Kahama na Geita

Maombi ya kibali huambatana na mswada wa filamu, muhtasari wake, majina ya wahusika wakuu wa kazi na mahali mtakapopigia picha. Wengi wetu hatuandiki mswada. Tunakusanyika, tunagawana nafasi, tunaanza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya maombi kukwama, na ukweli ni kwamba ndiyo sababu ya kwanza ya filamu kuwa dhaifu pia.

Kibali cha Bodi hakikufungulii geti la mgodi. Kwa Geita Gold Mine, Bulyanhulu au Mwadui unahitaji ruhusa ya kampuni yenyewe. Kwenye leseni ndogo, zungumza na mwenye leseni na Ofisi ya Madini ya mkoa, na usimshushe mwigizaji kwenye duara lisilo na magogo ya kuzuia kuporomoka kwa ajili ya dakika mbili za picha. Watoto wakishiriki, mzazi au mlezi aridhie kwa maandishi na ratiba isile siku za shule.

Beba kibali chako kila siku ya kazi. Kanda hii ina kumbukumbu ya Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar na ambayo Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Tangu hapo, kwa maoni yangu, kamera karibu na ziwa au mgodi huamsha maswali upesi. Karatasi iliyosainiwa inayajibu haraka kuliko maelezo marefu. Mkifanya kazi na watu kutoka nje ya nchi, masharti yao ni ya ziada, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2019; mshirika wa hapa ndiye anayepaswa kuyasoma mapema.

Andikishianeni mikataba. Ukitumia wimbo wa manju wa Kisukuma kwenye filamu, mlipe na msainiane mkataba, kwani ngoma kuchezwa harusini bure hakuifanyi kuwa mali ya yeyote. Sajili kazi COSOTA kabla ya kumkabidhi msambazaji nakala. Ukipanga kuiweka mtandaoni, waulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kama chaneli yako inahitaji leseni chini ya kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, na waulize Bodi kuhusu uhakiki. Usidhani YouTube iko nje ya nchi kwa hiyo sheria haikufikii. Wewe uko Kahama.

Mzazi na diwani

Mzazi, daraja la filamu limo pia ndani ya king'amuzi chako. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufungia vipindi vya watu wazima, na mara nyingi ile ya kiwandani haijabadilishwa. Ibadilishe. Na ukijua kibanda kinachoingiza watoto kwenye filamu za wakubwa, anza kwa mwenye kibanda, kisha mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha Afisa Utamaduni. Pakiwa na picha za ngono au mtoto anayetumiwa vibaya, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kwa madiwani nina ombi moja. Ulizeni katika kikao kama kamati ya filamu ya wilaya yenu ina wajumbe, na lini ilitembelea vibanda vya machimboni mara ya mwisho bila kwenda kukusanya ushuru. Afisa Utamaduni asiye na usafiri hawezi kufika Mgusu wala Rwamgasa usiku, na filamu za watu wazima huonyeshwa usiku. Mpeni pikipiki na mafuta. Na wewe mwenye kibanda au mwenye kamera, usimsubiri aje: ofisi yake iko halmashauri, na kuuliza hakulipiwi.